Jikoni na Mwilini: Je, Ugali Ndio Unaotunenepesha?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kama nafaka tunazokula kila siku, yaani mahindi, ngano, mchele, mtama na wimbi, ndizo zinazouvuruga mwili na kuuongezea uzito. Nimechagua barua tano. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu inabeba mizizi ya swali lenyewe, na nyingine zinategemea majibu yake.

Swali: Jirani yangu anasema nafaka zimeulaza mwili wangu

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Nyalenda. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 43, na ninauza omena na samaki wakavu katika soko la Kibuye. Nilipoolewa miaka 21 iliyopita nilikuwa na kilo 61. Mwezi uliopita nilipimwa kliniki nikapatikana na kilo 84. Jirani yangu ameniambia kwamba nafaka huulaza umetaboli, na kwamba mtu akishapita miaka 40 mwili hauchomi tena ugali bali huuweka kiunoni. Yeye aliacha ugali, wali, chapati na uji kwa wiki moja, akapungua kilo 3. Nami nilijaribu siku nne, nikapungua kilo 2, kisha nikashindwa, kwa maana nilikuwa nikitetemeka nikiwa sokoni. Je, ni kweli nafaka ndizo adui yangu?

Jibu: Pole sana, mama, kwa siku hizo nne. Ninakuomba usirudie jaribio hilo kwa namna ile. Jirani yako ameyafunga mambo mawili katika kifurushi kimoja, yaani umri na nafaka, nami nitayafungua moja baada ya jingine.

Umetaboli ni jumla ya kazi zote ambazo mwili hufanya ili kukigeuza chakula kuwa nguvu na kuitumia nguvu hiyo: moyo kupiga, mapafu kuvuta hewa, ini kuchuja na kuhifadhi, ubongo kufikiri, joto la mwili kutunzwa. Kwa watu wengi, kati ya asilimia 60 na 75 ya nguvu inayotumika kwa siku hutumika katika kazi hizi za ndani, hata mtu akiwa amejilaza tu. Mwaka 2021, watafiti walioongozwa na Herman Pontzer walichapisha katika jarida la Science matokeo ya vipimo vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, tangu watoto wenye siku chache hadi wazee wa miaka 95. Walipozingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, waliona kwamba umetaboli hukaa karibu palepale tangu miaka 20 hadi miaka 60, kwa wanawake na kwa wanaume, na ni baada ya hapo ndipo huanza kushuka polepole. Kwa hiyo, katika umri wa miaka 43, mwili wako haujalala. Tena mwili wa kilo 84 una kazi kubwa kuliko mwili wa kilo 61, kwa maana kuna damu zaidi ya kusukuma na uzito zaidi wa kubeba, na hivyo leo unatumia nguvu nyingi zaidi kwa siku kuliko ulivyotumia ukiwa bibi harusi.

Sasa tuzitazame zile kilo 2. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya kalori zipatazo 7,700 (ninatumia neno kalori kama linavyotumika kila siku katika mazungumzo ya chakula). Ili upoteze kilo 2 za mafuta kwa siku nne, ingebidi upungukiwe na kalori 15,400, yaani 3,850 kila siku, kiasi ambacho huenda hata huli kwa siku nzima. Basi ni nini kilichopungua? Wanga wa ugali ukishasagwa tumboni huwa sukari ya damu, ambayo ni glukosi. Kongosho hutoa homoni ya insulini, nayo huifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia katika misuli na ini, ambako sehemu yake huwekwa kama akiba iitwayo glikojeni. Mtu mzima huweka kama gramu 100 katika ini na kama gramu 400 katika misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu zipatazo 3 za maji. Ukiacha nafaka ghafla, mwili hula akiba hiyo kwanza, na maji yaliyoishika hutoka kwa mkojo. Mizani husoma kilo 2 au 3 pungufu, na kwa hakika ni pungufu, lakini kilichotoka kwa sehemu kubwa ni maji. Siku utakayorudia ugali, maji nayo yatarudi, na utadhani ugali wa siku moja umekunenepesha. Ninaamini kosa hili la mizani ndilo limewafanya watu wengi waiogope nafaka kuliko inavyostahili.

Wengine husema kwamba insulini yenyewe ndiyo inayonenepesha, na kwamba anayekula wanga hawezi kupungua. Jambo hili lilipimwa kwa makini katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, katika utafiti ulioongozwa na Christopher Gardner na kuchapishwa mwaka 2018. Watu wazima 609 waligawanywa katika makundi mawili: wa kwanza walipunguza mafuta, wa pili walipunguza wanga, na wote wakahimizwa kula mboga kwa wingi na kuepuka sukari na unga uliokobolewa. Baada ya miezi 12, kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3 na la pili kilo 6.0, tofauti ambayo watafiti waliihesabu kuwa si ya maana. Waliozipokea nafaka nzima walipungua karibu sawa na waliozikataa.

Pengine utauliza: kama si umri wala nafaka zenyewe, kilo 23 zimetoka wapi? Ukizigawanya kwa miaka 21, unapata zaidi kidogo ya kilo moja kwa mwaka. Akiba hiyo, ikihesabiwa kwa siku, ni kama kalori 23, yaani kijiko kimoja cha chai cha sukari na nusu ya kingine. Hakuna mtu ambaye angeiona ziada ya namna hiyo. Lakini kadiri mwili ulivyokua, nao ulidai kulishwa zaidi, kiasi kwamba leo inawezekana unakula mamia kadhaa ya kalori zaidi ya ulizokula mwanzoni, bila kuhisi kwamba umeongeza chochote.

Ninakuomba upime mambo matatu nyumbani kwako. La kwanza ni pakiti ya unga. Pakiti ya kilo 2 ina kalori zisizopungua 7,000. Ikiwa mko watu wanne na pakiti inakwisha kwa siku mbili, kila mmoja anapata gramu 250 za unga kwa siku, ambazo ni kama kalori 900 za ugali peke yake. Kwa mvuvi wa Dunga anayevuta nyavu tangu alfajiri, hicho ni kiasi cha haki. Kwa mtu anayeketi nyuma ya meza ya omena tangu saa moja asubuhi hadi magharibi, ni kingi. La pili ni chai. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni vijiko 12, karibu gramu 50, yaani kalori 200 ambazo tumbo halizitambui kama chakula. La tatu ni mafuta ya kukaangia, kwani kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na wengi wetu humimina kutoka kwenye chupa bila kijiko. Gramu moja ya wanga ina kalori 4 na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ndiyo maana sukuma wiki iliyoogelea katika mafuta inaweza kushinda kipande cha ugali kilicho kando yake.

Usiache ugali, mama. Upunguze hadi uchukue robo ya sahani, nusu nzima uipe mboga, iwe osuga, dek, kunde au mrenda, na robo iliyobaki uipe omena unaouuza, maharagwe au yai. Nimesema mboga ichukue nusu kwa makusudi, kwa sababu mezani kwetu kwa kawaida mlima wa ugali ndio mwenye nyumba na mboga ni mgeni wa kando. Protini ya omena ina faida mbili: hushibisha kwa muda mrefu, na mwili hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori zake katika kuimeng'enya tu, wakati wanga huchukua asilimia 5 hadi 10 na mafuta hayafiki 4. Kisha simama na utembee kila baada ya muda hata kama ni kuizunguka meza yako. Ukirudi kliniki, omba upimwe sukari na shinikizo la damu, na uwaambie wahudumu kama unachoma sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu au kama unahisi baridi na uchovu usio wa kawaida, kwa maana sindano hiyo na maradhi ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni ni mambo yanayoweza kuongeza uzito, na hayaondolewi kwa kuacha ugali.

Swali: Kati ya unga wa posho na uliokobolewa, upi unaongeza uzito?

Mimi ni kijana ninayeendesha kisiagi karibu na soko la Chwele, kaunti ya Bungoma. Zamani watu walileta gorogoro zao za mahindi nikawasagia hivyohivyo. Siku hizi wengi wanataka nikoboe kwanza, hata mara mbili, ili unga uwe mweupe kama wa dukani. Pumba wananiachia, nami nawauzia wafugaji wa kuku na nguruwe. Mama yangu husema kwamba wateja wanakula makapi na kuku wanakula chakula. Je, ana haki? Na je, ugali wa wimbi au mtama unapunguza unene?

Jibu: Ndugu yangu, mama yako ana haki kwa sehemu kubwa. Chukua punje moja ya mahindi kabla hujaimimina, uipasue kwa kisu kwa urefu. Utaona ngozi ngumu ya nje, ambayo ni asilimia 5 au 6 ya uzito wa punje. Kiini cha rangi ya maziwa kilichokaa upande wa ncha, ambacho ni kama asilimia 11. Na sehemu kubwa iliyobaki, zaidi ya asilimia 80, ambayo ni ghala la wanga. Nyuzinyuzi ziko katika ngozi, na mafuta mazuri, vitamini na madini mengi yako katika kiini. Mashine yako inapokoboa, vyote viwili huenda kwenye gunia la kuku, na mteja hubeba ghala la wanga peke yake. Kwa kuwa hasara hiyo ya vitamini inajulikana, sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 inawataka wenye viwanda waurutubishe unga wa mahindi na wa ngano wanaoupakia, lakini nyuzinyuzi hazirudishwi na urutubishaji huo.

Kuhusu uzito, kuna utafiti mmoja ninaouthamini kwa sababu watu walipewa chakula chote na watafiti wenyewe, hivyo hapakuwa na kubahatisha. Ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Tufts karibu na mji wa Boston na kuchapishwa mwaka 2017. Wanaume na wanawake 81 walikula kwa wiki sita. Nusu yao walipewa nafaka nzima na nusu nafaka zilizokobolewa, huku mengine yote yakifanana. Wale wa nafaka nzima walipoteza nguvu zaidi kwa njia mbili: umetaboli wao wa mapumziko ulikuwa juu kidogo, na choo chao kilibeba kalori zaidi ambazo utumbo haukuzinyonya. Jumla ya tofauti ilikuwa kama kalori 92 kwa siku. Si nyingi, karibu sawa na mwendo wa haraka wa nusu saa, lakini ni za kila siku, na zinapatikana bila kupunguza chakula.

Wimbi na mtama ni nafaka za babu zetu katika eneo hili, zilizokuwapo kabla ya mahindi kuletwa Afrika na Wareno kutoka bara la Amerika katika karne ya 16. Wimbi lina kalsiamu ya zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, kiasi kinachoyapita maziwa mara mbili na zaidi, na mtama mwekundu una tanini zinazopunguza kasi ya umeng'enyaji. Hata hivyo, rangi ya kahawia haiondoi kalori. Gramu 100 za unga wa wimbi na gramu 100 za unga wa mahindi zinakaribiana sana kwa kalori, na mtu anayebadilisha rangi ya ugali bila kubadilisha ukubwa wake asitarajie mshipi kulegea. Faida iko katika kushiba mapema, na inapatikana tu kama nafaka imesagwa nzima.

Lazima niongeze neno la tahadhari ambalo wewe, ukiwa mwenye kisiagi, unaweza kulisaidia zaidi yangu. Sumu ya aflatoksini inayoletwa na kuvu hukaa kwa wingi katika ngozi na kiini cha punje, na mwaka 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya. Kwa hiyo, kusaga nzima kunafaa kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na yaliyochambuliwa punje zilizooza au kubadilika rangi. Mteja akikuletea mahindi yenye ukungu, usimkobolee kisha ukaamini kwamba umemwokoa. Mrudishe nayo, na usiyape kuku. Tena, unga wenye kiini huingia uchachu mapema kwa sababu ya mafuta yake, hivyo washauri wateja wasage wa wiki mbili hivi, si wa miezi.

Swali: Niliacha ngano nikapungua. Je, gluteni ndiyo ilikuwa tatizo?

Nina miaka 27, ninaishi Free Area, Nakuru, na ni fundi wa simu. Mkufunzi wa ukumbi wa mazoezi aliniambia kwamba gluteni iliyo katika ngano hufanya tumbo litokeze. Niliacha mkate, chapati na mandazi kwa miezi miwili, nikapungua kilo 5, na tumbo halijai gesi tena. Sasa nimewaambia nyumbani wote waache ngano. Je, nimefanya sawa?

Jibu: Kaka, kilo 5 ni zako na ninakupongeza, lakini sababu uliyopewa siikubali. Gluteni ni protini iliyo katika ngano, shayiri na rai. Haimo katika mahindi, mchele, mtama wala wimbi. Ina madhara ya kweli kwa wenye ugonjwa wa siliaki, ambao ni kama mtu mmoja katika kila mia duniani, na ugonjwa huo mara nyingi hudhoofisha na kukondesha. Hakuna ushahidi kwamba gluteni humnenepesha mtu mzima asiye na ugonjwa huo.

Tazama badala yake namna chapati inavyotengenezwa katika kibanda chochote cha Nakuru wakati wa chakula cha mchana. Mpishi hukanda unga kwa mafuta na maji, akausukuma, akapaka mafuta tena juu ya duara, akaukunja kama konokono, akausukuma mara ya pili, kisha akamimina mafuta kwenye kikaango upande mmoja, akageuza, akamimina upande wa pili. Kilo 2 za unga hutoa chapati kama 28. Kila moja ina gramu 70 hivi za unga, ambazo ni kalori 250, na mafuta yasiyopungua kijiko kimoja kikubwa, kalori 120. Anayekula tatu kwa maharagwe amepita kalori 1,100 kabla ya kuhesabu maharagwe yenyewe. Ongeza mandazi mawili ya asubuhi na nusu mkate wa jioni, na utaona kwamba ulipoacha ngano uliacha pia mafuta na sukari zilizosafiri pamoja nayo.

Kuna jambo jingine linalounga mkono ulivyojionea. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake katika Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Marekani waliwakalisha watu 20 hospitalini kwa mwezi mmoja. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida vilivyopikwa, kila mmoja akiruhusiwa kula hadi ashibe. Milo iliyoandaliwa ilikuwa na kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi kwa viwango vilivyolinganishwa. Hata hivyo, katika wiki za vyakula vya viwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja, na katika wiki nyingine wakapungua kiasi kilekile. Nafaka ileile huweza kukushibisha au kukuacha unatafuta zaidi, kulingana na namna ilivyoshughulikiwa kabla ya kufika mdomoni.

Gesi tumboni mara nyingi hutokana na wanga wa ngano uitwao fruktani, ambao bakteria wa utumbo huuchachusha. Unaweza kujaribu kiasi kidogo cha ngano na kuona. Lakini kama unashuku siliaki, kwa maana ya kuhara kwa muda mrefu, kukonda au upungufu wa damu usioisha, mwone daktari kabla ya kuacha ngano, kwa kuwa vipimo vya damu hutegemea uwe bado unaila. Nyumbani waache waendelee, hasa watoto, ila punguzeni mafuta ya chapati. Njoro na viunga vyake ni nchi ya ngano. Tafuteni mahali wanaposaga atta, ule unga wa ngano usiochekechwa pumba, mkachanganye nusu kwa nusu na ule mweupe.

Swali: Ugali na wali wa kiporo

Nimesikia kwamba wali ukilala, kalori hupungua. Ni kweli? (Msomaji wa Ahero)

Jibu: Ni kweli kwa kiasi kidogo. Wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake huwa wanga sugu ambao utumbo mwembamba hauwezi kuusaga, hivyo hupita hadi kwenye utumbo mpana na kuwalisha bakteria wazuri. Hubaki hivyo kwa sehemu hata ukipashwa moto. Lakini faida hiyo ni ndogo, na wali uliolala mezani katika joto la Ahero unaweza kuzaa bakteria ambao sumu yao haiondolewi kwa kupasha moto. Kama huna friji, pika wa kumaliza.

Swali: Ugali wa wimbi umepandisha sukari yangu

Mimi ni mzee wa miaka 66 kutoka Lurambi, Kakamega. Nina ugonjwa wa kisukari kwa miaka minane na ninatumia vidonge vya metformini na glibenklamidi. Niliambiwa niache ugali mweupe nile obusuma wa wimbi, kwamba haupandishi sukari na utanipunguza tumbo. Nimekula kwa uhuru miezi mitatu, lakini sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 9.8 (milimoli kwa lita), na uzito haujashuka. Nimekosea wapi?

Jibu: Mzee wangu, heshima yako. Hukukosea kuchagua wimbi. Aliyekushauri ndiye aliyeliacha shauri njiani, kwa maana hakukuambia kiasi wala hakukuuliza unga unachanganywa na nini.

Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walianzisha kipimo cha kulinganisha kasi ambayo vyakula mbalimbali vya wanga hupandisha sukari ya damu. Kipimo hicho kilionyesha kwamba vyakula vyenye wanga wa kiasi kimoja havipandishi sukari kwa kasi moja, na kwamba chakula kilichobaki kizima au chenye chembe kubwa huenda polepole kuliko kilichosagwa laini. Wimbi lililosagwa kama poda, likapikwa uji mwepesi, linaweza kupandisha sukari kwa haraka ingawa rangi yake ni ya kahawia. Pili, katika nyumba nyingi za magharibi unga wa wimbi au mtama huchanganywa na mihogo mikavu ili ugali ushikane. Muhogo mkavu ni karibu wanga mtupu, wenye protini kidogo mno. Muulize anayekusagia: kama mihogo ni nusu ya mchanganyiko, basi nusu ya obusuma wako si wimbi. Tatu, kasi ni kitu kimoja na wingi ni kingine, na sahani mbili za wanga unaokwenda polepole bado ni sahani mbili za wanga.

Lengo la sukari ya asubuhi kabla ya kula, kwa watu wazima wengi wenye kisukari, ni kati ya 4.4 na 7.2, ingawa kwa mzee daktari anaweza kulegeza kidogo. Jaribu kipande cha ugali kinacholingana na ngumi yako, kisizidi, na uanze mlo kwa mboga na protini, yaani mrenda, samaki au maharagwe, ugali ukifuata. Nyoyo, yale mahindi mazima yaliyochemshwa na maharagwe, yanaweza kuchukua nafasi ya ugali mara kadhaa kwa wiki, kwa kuwa punje nzima na maharagwe huiachia sukari yake taratibu. Baada ya chakula cha jioni, tembea dakika 15 hadi lango la boma na kurudi, kwani misuli inayotembea huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Usipunguze wanga kwa ghafla kabla ya kuzungumza na kliniki yako, mzee, na hili ninalisema kwa msisitizo. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala vya kutosha, na sukari inaweza kuanguka. Ukihisi jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali au kuchanganyikiwa, kunywa mara moja nusu kikombe cha maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, pumzika dakika 15, upime tena, kisha ule. Mweleze pia mtu mmoja nyumbani namna ya kukufanyia hivyo. Nenda kliniki ukiwa na daftari lenye vipimo vya siku saba, vya asubuhi kabla ya kula na vya saa mbili baada ya chakula cha jioni, na kando ya kila kipimo uandike ulikula nini na kwa kiasi gani. Kwa daftari hilo daktari wako ataweza kuamua kama ni dozi ya kubadilishwa au ni mihogo ya kuondolewa kwenye unga.